Magrupu 17 ya WhatsApp kwa wafanyakazi 52: pa kuanzia

Swali: Mimi ni meneja wa ofisi katika kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi. Makao yetu ni Mwanza, na tuna matawi Shinyanga na Bukoba. Tuko wafanyakazi 52 na tuna magrupu 17 ya WhatsApp, mkurugenzi yumo kwenye yote. Oda zinapotelea humo humo, madereva wanalalamika simu zinalia mpaka usiku, na juzi tumegundua kijana aliyeacha kazi miezi kadhaa iliyopita bado yumo kwenye grupu la bei. Kuna wanaoshauri tuhamie Slack au Microsoft Teams, zile programu za mawasiliano ya kazini. Tuanzie wapi?

Jibu:

Ndugu yangu, msihame kwanza. Mkihama na fujo hii mtaikuta huko huko mnakokwenda, na safari hii nusu ya madereva watakuwa hawajaingia. Suala la programu nitalirudia mwishoni, kwa sababu kuna hali ambapo Teams au Slack ni jibu sahihi, ila kwenu si jibu la wiki hii.

Watu wengi wakiniuliza kuhusu magrupu hulalamikia kelele. Kelele zinaudhi, lakini hazipotezi oda. Kinachopoteza oda ni ombi lisilo na mwenyewe. Chukua ujumbe wa aina hii, ambao nina hakika mnao kila siku:

"Wadau, kuna mteja wa Igoma anataka saruji mifuko 40 leo, tusaidiane."

Watu 23 wameusoma. Wanne wameweka dole gumba. Mwenye stoo anadhani dole gumba la dereva maana yake dereva anakuja kupakia. Dereva anadhani stoo watampigia mzigo ukiwa tayari. Aliyeandika ameona alama nne, akaridhika, akaendelea na mambo yake. Saa 10 jioni mteja anapiga simu akiwa amekasirika, na hapo kila mmoja anasema kwa haki kabisa kwamba hakuambiwa yeye. "Tusaidiane" haina mtu, na "leo" haina saa. Ujumbe huo huo ungeandikwa hivi:

"@Juma: saruji mifuko 40, Igoma, oda namba 0612. Itoke stoo kabla ya saa 5 asubuhi. Imelipwa. @Neema andaa mzigo."

Umetaja watu kwa alama ya @, kwa hiyo hata aliyenyamazisha grupu kwa kawaida ataarifiwa kwamba ametajwa. Umetoa namba ya oda, kwa hiyo kesho ukitafuta "0612" kwenye grupu unaipata ndani ya sekunde chache. Umetaja saa. Na hapa niongeze jambo dogo linaloleta ugomvi mkubwa: kubalianeni namna ya kuandika saa. Simu inaonyesha 11:00, mtu anaandika "saa 5", mwingine anaandika "5:00" akimaanisha saa 11 jioni. Kanuni iwe moja: saa za Kiswahili, na siku zote liandikwe neno asubuhi, mchana, jioni au usiku. "5:00" ipigwe marufuku.

Kisha wekeni maana kwenye zile alama za kugusa ujumbe. Mbili zinatosha. Dole gumba maana yake "nimepokea, ni langu", na anaruhusiwa kuliweka aliyetajwa tu. Tiki ya kijani maana yake "imekamilika". WhatsApp humpa kila mtu alama moja kwa ujumbe mmoja, akiweka nyingine ile ya kwanza inaondoka, kwa hiyo Juma akishusha mzigo anabadilisha dole kuwa tiki na hali ya oda inaonekana palepale bila mtu kuandika neno. Faida ya pili ni kwamba taarifa ya alama humwendea aliyeandika ujumbe peke yake. Simu nyingine 22 hazilii. Linganisha na watu sita wanaoandika "sawa", "poa", "noted boss".

Ukitaka kujua nani kasoma, bonyeza ujumbe wako kwa muda kisha fungua maelezo yake, utaona majina ya waliousoma na ya wale ambao umewafikia tu. Hata mtu aliyezima tiki za bluu kwenye simu yake, ndani ya grupu bado anaonekana, kwa sababu mpangilio ule haufanyi kazi kwenye magrupu. Itumie taarifa hiyo kwa kiasi. Kujua kwamba dereva kasoma saa 1 usiku hakumfanyi awe amekubali kazi.

Na oda yenyewe isiishi kwenye grupu. Iandikwe kwenye daftari la oda au jedwali la Google Sheets lenye namba, mteja, bidhaa, kiasi, aliyepewa, saa ya kutoka na hali. Grupu linabeba namba na agizo tu. Mkibaki kutegemea kupanda juu kwenye mazungumzo kutafuta oda ya jana, hakuna mpangilio wowote wa magrupu utakaowasaidia. Kwa sababu hiyo hiyo, agizo lisitumwe kwa sauti. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili ni mwepesi kwa anayeutuma, lakini hautafutiki kwa neno, na dereva aliye barabarani hawezi kuurudia mara tatu ili asikie kama ni mifuko 14 au 40. Sauti ibaki kwa maelezo ya njia au kwa dereva ambaye hawezi kuandika kwa wakati huo, na anayepokea aandike muhtasari wa mstari mmoja chini yake.

Sasa hayo magrupu 17. Fungua jedwali, andika kila grupu, nani alilianzisha, nani ni admini, lina watu wangapi, na ujumbe wa mwisho wa kazi ulikuwa lini. Nasema ujumbe wa kazi, si "asubuhi njema" yenye picha ya maua. Halafu kwa kila grupu jiulize: likifungwa leo jioni, ni kazi gani itasimama kesho? Pale ambapo huna jibu la moja kwa moja, grupu hilo lifungwe. Kampuni ya ukubwa wenu kwa kawaida inahitaji kitu kama hiki: grupu moja la matangazo lenye watu wote 52, grupu la oda na usafirishaji kwa kila tawi, yaani matatu, grupu moja la mauzo na bei, grupu la uongozi, na grupu la jamii kwa mambo yasiyo ya kazi. Hayo ni saba. Yakitokea magrupu ya muda, kwa mfano la kuhesabu mali ya mwisho wa mwaka, yaandikwe tarehe ya kufa kwenye jina lenyewe: "Hesabu ya stoo, mwisho 10 Januari". Grupu la muda lisilo na tarehe huwa la kudumu.

Nani akae wapi? Kwenye grupu la oda akae mtu anayepokea agizo, anayetoa agizo, au anayezuia kosa. Anayetaka "kujua tu kinachoendelea" apewe jedwali la oda alisome. Ukiona mtu hajaandika wala kutajwa kwa wiki mbili, mwondoe, mwambie kwa nini, na mwambie yuko huru kuuliza. Wengi watashukuru.

Grupu la matangazo lina mpangilio wake. Bonyeza jina la grupu juu, ingia kwenye ruhusa za grupu, na ubadilishe mambo manne: kutuma ujumbe kuwe kwa maadmini tu, kuhariri jina na maelezo ya grupu kuwe kwa maadmini tu, kuongeza watu kuwe kwa maadmini tu, na uwashe idhini ya admini kwa kila anayeomba kuingia. Hayo matatu ya mwisho yawekeni kwenye magrupu yote ya kazi. La kwanza ni la matangazo peke yake. Nimeona kampuni zikifunga kila grupu ili "kuleta nidhamu", na matokeo yake watu wanaanzisha magrupu yao pembeni, ambayo meneja hayajui wala hayaoni.

WhatsApp pia ina Jumuiya, ambayo ilianza kutolewa Novemba 2022. Inakusanya magrupu yenu chini ya paa moja na kuwapa grupu la matangazo linalowafikia watu wote kwa pamoja. Kwa watu 52 si lazima, maana grupu la kawaida linabeba hadi watu 1,024. Mkiitumia, grupu la uongozi liachwe nje yake, kwa kuwa wanajumuiya wanaweza kuona majina ya magrupu mengine yaliyomo, na jina tu "Uongozi – kupunguza wafanyakazi" limewahi kuanzisha zogo kubwa kuliko mkutano wenyewe.

Admini wawe wawili kwa kila grupu, wasipungue na wasizidi watatu. Akiwa mmoja, siku akiumwa hakuna wa kuondoa mtu wala kupokea mgeni. Na admini wa mwisho akiondoka mwenyewe, WhatsApp humteua mwingine aliyemo, si yule ambaye wewe ungemchagua. Lakini swali zito zaidi ni nani aliyeanzisha grupu. Mwanzilishi hawezi kuondolewa na maadmini wengine. Anabaki na uadmini wake mpaka atoke mwenyewe. Ukikuta grupu lenu la bei lilianzishwa na afisa mauzo kwa namba yake binafsi, siku anapohamia kwa mshindani wenu grupu ni lake, ninyi ndio wageni.

Kwa hiyo nunueni laini ya kampuni, isajiliwe kwa jina la kampuni, iwekwe kwenye simu inayokaa ofisini, na iwe ndiyo inayoanzisha magrupu yote mapya. WhatsApp Business ya bure inatosha. Washa uthibitisho wa hatua mbili wenye PIN ya tarakimu 6, na PIN ihifadhiwe na watu wawili, ikiwa imeandikwa kwenye bahasha ndani ya sefu. Weka na barua pepe ya kampuni ya kurejesha PIN. Akaunti hiyo inaweza kuunganishwa na vifaa vinne vya ziada, kwa hiyo wewe na msaidizi wako mnaweza kuitumia kwenye kompyuta zenu. Angalizo: simu yenyewe isipotumika kwa zaidi ya siku 14, vifaa vilivyounganishwa hutolewa nje. Na laini iwekwe salio mara kwa mara. Laini iliyotelekezwa hufungwa na mtandao, kisha namba hupewa mtu mwingine, na huyo mtu akifungua WhatsApp kwa namba hiyo mtakuwa na shughuli.

Kuhusu kijana aliyeacha kazi. Kumwondoa ni sekunde tano, fanya sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Elewa tu kwamba kumwondoa kunazuia ujumbe mpya. Yale yote yaliyotumwa alipokuwamo yamo kwenye simu yake na hakuna namna ya kuyafuta kutoka kwenu. Bei za miezi yote hiyo anazo. Kwa hiyo mambo mawili yabadilike. La kwanza, siku ya mwisho ya mfanyakazi iwe na orodha: atolewe kwenye kila grupu siku hiyo hiyo, vifaa alivyounganisha kwenye akaunti ya kampuni vitolewe nje, na kiungo cha mwaliko cha kila grupu alilokuwamo kiwekwe upya, kwa sababu kiungo cha zamani kinafanya kazi mpaka mtakapokibadilisha. Mwenye kazi hiyo awe mtu mmoja wa utumishi, mwenye jedwali linaloonyesha nani yuko grupu gani. Msitegemee kukumbuka.

La pili, bei zisitumwe kama faili kwenye grupu. Kinachotokea ni hiki: PDF ya Machi, ya Aprili na ya Mei zote zipo kwenye simu ya afisa mauzo, zote zinaitwa "Bei mpya". Akiwa mbele ya mteja anafungua ya kwanza anayoiona. Kufuta ile ya zamani kwa wote kunawezekana ndani ya siku mbili na saa kadhaa tangu itumwe, baada ya hapo imeshindikana, na aliyeipakua kwenye simu yake anabaki nayo vilevile. Wekeni orodha moja ya bei kwenye Google Drive, ifunguliwe kwa barua pepe za watu waliotajwa tu, na kwenye grupu mbandike juu kiungo chake. Bei ikibadilika mnabadilisha faili lile lile. Mtu akiacha kazi mnaondoa barua pepe yake na mlango umefungwa, hata kama kiungo bado anacho.

Kubandika juu kuna mipaka yake: ujumbe hadi mitatu, na muda wa kuchagua ni saa 24, siku 7 au siku 30, kisha unaondoka. Ndiyo maana kanuni za grupu zisibandikwe. Ziandikwe kwenye maelezo ya grupu, ambako hazihami. Maelezo yawe mafupi. Mfano wa grupu la oda la Mwanza:

"Kazi: oda zinazotoka stoo ya Mwanza. Agizo: @jina, bidhaa na kiasi, mahali, namba ya oda, saa. Dole = nimepokea. Tiki = imekamilika. Muda: saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Dharura: piga simu kwa msimamizi wa zamu. Salamu, misiba na michango: grupu la Jamii."

Usiku sasa. Madereva wana haki ya kulalamika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na muda wa ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kwa sheria hiyo, usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ujumbe wa saa 4 usiku unaosema "kesho njoo saa 12" huenda usionekane kuwa kazi, lakini dereva anayelazimika kukaa macho akisubiri maagizo ana hoja ya kuwapelekea, na ni afadhali msifike huko. Fungeni mlango saa 12 jioni, au muda mwingine unaoendana na stoo yenu. Anayekumbuka jambo usiku aliandike bila kulituma: litabaki kama rasimu kwenye grupu mpaka asubuhi. Wakati huo huo wafundisheni watu kunyamazisha, maana wapo wasiojua kwamba kuna chaguo la saa 8, wiki moja au siku zote. Grupu la jamii na la matangazo mtu anaweza kuyanyamazisha siku zote bila dhambi yoyote.

Dharura haiandikwi, hupigwa simu. Na mtaje dharura ni nini, vinginevyo kila kitu kitakuwa dharura: gari lenye mzigo limekwama, ajali, wizi stoo, mteja ambaye fundi wake amesimama kwa kosa letu. Basi.

Sasa jambo ambalo miongozo mingi ya magrupu ya kazini hailigusi, kwa kuwa iliandikwa kwa ofisi za watu wengine. Msiba. Saa 3 asubuhi mtu anaandika kwenye grupu la oda kwamba mwenzetu wa Bukoba amefiwa na baba yake. Ndani ya nusu saa kuna "poleni sana" arobaini, maswali ya mazishi ni lini, na namba ya kutuma rambirambi. Katikati yake kuna oda tatu, hakuna aliyeziona. Huwezi kuwaambia watu wasitoe pole. Utaonekana huna utu, na watakuwa na haki. Unachoweza ni kuamua mapema njia ya habari hiyo. Mtu mmoja wa utumishi anatangaza kwenye grupu la matangazo kwa ujumbe mmoja wenye jina la mfiwa, uhusiano, mahali na siku ya mazishi, anayekusanya michango, namba ya kupokelea na siku ya mwisho. Pole zinatolewa grupu la jamii, na simu inapigwa kwa mfiwa mwenyewe. Habari ikiingia kwa bahati mbaya kwenye grupu la oda, admini anaihamisha jamii kwa kuisambaza kule, anaandika mstari mmoja, "Poleni sana, tuendelee kwenye grupu la Jamii", kisha anarudia maagizo ya asubuhi hiyo yaliyokuwa hayajawekewa dole. Kurudia maagizo ndiko kunakosahaulika, na ndiko kunakookoa siku. Mweka hazina wa michango aorodheshe waliotoa kwenye jedwali, asinakili orodha ya majina upya kila mtu akiongeza elfu kumi, maana orodha ya aina hiyo hurudiwa mara thelathini na mwishowe kuna majina yaliyopotea.

Mkurugenzi. Najua hili ni gumu kulisema ofisini, kwa hiyo lisomeni pamoja naye. Bosi akiwa kwenye kila grupu, watu huacha kuandikiana wao kwa wao na kuanza kumwandikia yeye. Kosa dogo halitajwi mpaka limekuwa kubwa. Akiuliza swali moja kwenye grupu la Shinyanga, watu watano wanajibu kuonyesha wapo. Na akitoa agizo moja kwa moja kwa dereva, msimamizi wa tawi amevuliwa kazi yake mbele ya watu wake. Ushauri wangu: abaki kwenye matangazo na uongozi. Kila siku saa 11 jioni msimamizi wa kila tawi anamtumia muhtasari wa mistari minne: oda zilizotoka, zilizobaki na kwa nini, magari yaliyo barabarani, na jambo moja linalohitaji uamuzi wake. Atajua mengi kuliko anavyojua sasa kwa kupitisha macho kwenye ujumbe mamia. Akisita, ombeni majaribio ya mwezi mmoja.

Kuhusu siri na fedha nitakuwa mfupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika Tanzania tangu Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi linalolindwa kwa ukali zaidi. Picha ya cheti cha hospitali, namba ya NIDA, karatasi ya mshahara na barua ya onyo havitumwi kwenye grupu hata kama mhusika mwenyewe ndiye kavituma. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine, na kwa haya afute mara moja. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019, kwa hiyo mkifungua tawi ng'ambo ya mpaka msidhani mambo ni tofauti. Ujumbe unaojifuta wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90 uzimwe kwenye grupu lolote linaloamua bei, punguzo au malipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, na siku mteja akisema "meneja wenu aliniahidi punguzo" mtataka mazungumzo yawepo. Uamuzi wowote wa fedha uliofikiwa kwenye grupu uhamishiwe kwenye barua pepe siku hiyo hiyo na aliyeidhinisha. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15. Utaonyesha kwamba umehaririwa, lakini hautaonyesha uliandikwaje mwanzo.

Haya, Slack na Teams. Faida yao ya kweli kwenu ni moja kubwa: akaunti ni ya kampuni. Mtu akiacha kazi mnafunga akaunti moja naye ametoka kila mahali. Faida ya pili ni historia: mfanyakazi mpya akiongezwa kwenye soga ya Teams, anayemwongeza huchagua kama aone mazungumzo ya nyuma yote, ya siku kadhaa au asione kabisa, na kwenye chaneli ya Slack anayakuta yenyewe. Upande wa pili wa mizani, mpango wa bure wa Slack unaonyesha ujumbe wa siku 90 tu, na kulipia ni kwa kila kichwa kila mwezi. Dereva wa fuso mwenye simu ndogo na kifurushi cha mitandao ya kijamii ataipata WhatsApp hata kifurushi cha kawaida kikiisha; Teams haitafunguka. Kwa hiyo kama mna kompyuta na barua pepe za Microsoft 365 tayari, uongozi, uhasibu na mauzo wanaweza kwenda Teams baadaye. Oda na usafirishaji zibaki WhatsApp. Kosa la kuepuka ni kazi ile ile kuwa sehemu mbili: oda nusu Teams, nusu WhatsApp. Hapo mtakuwa mmerudi mlikotoka, na zaidi.

Utekelezaji usifanyike kwa mkupuo. Anza na tawi la Mwanza, oda tu, kwa wiki mbili, kwa kuwa upo karibu na unaweza kusahihisha ujumbe mbaya palepale. Unaposahihisha, mwandikie mhusika pembeni ukiwa umemwandalia ujumbe wake ulioandikwa upya, asiaibishwe mbele ya wenzake. Halafu Shinyanga na Bukoba.

Magrupu ya zamani usiyafute siku hiyo hiyo. Yabadilishe yawe ya maadmini tu kutuma, libadilishe jina liwe "LIMEFUNGWA – tumieni Oda Mwanza", na yaache siku 30 ili watu wachukue wanachokihitaji. Kabla ya kuwaondoa watu, hamisha mazungumzo kwenda kwenye barua pepe ya kampuni bila picha na video: bila picha hutoa hadi ujumbe 40,000 wa karibuni, ukijumuisha picha hushuka hadi 10,000. Baada ya hapo waondoe wote, kisha laini ya kampuni iwe ya mwisho kutoka. Ukitoka wewe kwanza, grupu litaendelea kuishi bila ninyi. Na kwa magrupu ambayo mwanzilishi wake ameshaondoka kazini lakini bado yumo, msihangaike kumng'oa. Hamieni kwenye jipya na mliache lile tupu.

Mwisho wa mwezi wa kwanza, chukua siku tatu zozote kwenye grupu la oda na uhesabu maagizo yaliyokosa dole ndani ya saa moja, na yaliyokosa tiki mpaka jioni. Yakiwa mengi kwa mtu mmoja, huyo amepewa kazi nyingi au simu yake ni mbovu, ongea naye. Yakiwa yametapakaa kwa watu wengi, angalia nani anayaandika hayo maagizo, kwa sababu mara nyingi utakuta yote yametoka kwa mtu mmoja ambaye bado anaandika "tusaidiane".